Viwanja vya Florida: Kuanguka kwa Upesi na Kuinuka kwa Taratibu

Nyumba ya makazi na nyumba ya mapumziko zaweza kujengwa kwa mawe yale yale na fundi yule yule, lakini sokoni hazina desturi moja. Nyumba ya makazi hununuliwa kwa haja, maana mtu hana budi kulala mahali. Nyumba ya mapumziko hununuliwa kwa ziada, yaani kwa fedha iliyosalia baada ya chakula, mavazi na karo ya watoto kwisha kulipwa. Kwa hiyo siku za neema zijapo, bei ya nyumba ya mapumziko hupanda upesi. Na siku za dhiki zijapo, ndiyo ya kwanza kuachwa na ya mwisho kutafutwa tena. Historia ya pwani ya Florida, baina ya mwaka 1920 na mwaka 1941, yalionyesha jambo hili waziwazi.

Florida ni jimbo la kusini-mashariki mwa Marekani, nalo ni rasi ndefu iliyochomoza baharini. Wakati majimbo ya kaskazini yamefunikwa na theluji, Florida ya kusini huwa na jua na joto la kiasi. Hata hivyo, kwa muda mrefu wakazi wake walikuwa wachache, kwani nchi ilikuwa ya vinamasi, mikoko na mbu. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1896, reli ya Henry Flagler, tajiri wa mafuta, ilipofika Miami. Mkabala wa Miami, ng'ambo ya ghuba ya Biscayne, palikuwa na kisiwa chembamba. Mkulima mmoja mzee, John Collins, alijenga daraja la mbao la kufikia huko, likafunguliwa mwaka 1913. Carl Fisher, mfanyabiashara wa Indianapolis, alimkopesha fedha za kulimaliza, naye akapewa ardhi. Fisher aliikata mikoko, akavuta mchanga kutoka chini ya ghuba na kufukia matope, hata pakatokea viwanja vikavu. Mahali hapo pakaitwa Miami Beach.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wamarekani wengi walikuwa na mishahara mizuri na motokaa za bei nafuu. Mtu wa kawaida aliweza sasa kusafiri kwenda kulifuata jua, jambo ambalo zamani lilikuwa la matajiri peke yao. Mwaka 1924 wapiga kura wa Florida waliingiza katika katiba ya jimbo sharti la kukataza kodi ya mapato na kodi ya urithi, na wenye mali wakavutwa zaidi. Mtu mmoja aitwaye George Merrick aligeuza shamba la mabalungi la baba yake kuwa mji wa Coral Gables, wenye majumba yaliyofuata mtindo wa Kihispania. Alimlipa William Jennings Bryan, msemaji hodari aliyegombea urais wa Marekani mara tatu, ili awahutubie wanunuzi na kuwasifia nchi hiyo. Magazeti yalijaa matangazo ya viwanja, na bei zikapanda kila juma.

Yafaa tueleze jinsi biashara hiyo ilivyofanywa, kwa kuwa humo ndimo ulimokuwamo ugonjwa wake. Mnunuzi hakulipa bei yote. Alitoa arabuni, kwa desturi sehemu ya kumi ya bei, akapewa stakabadhi, na malipo makubwa ya kwanza yakangojea siku thelathini hivi. Tuseme kiwanja kiliuzwa kwa dola 1,000. Mtu alitoa dola 100 tu. Kama kabla ya mwezi kwisha alimpata mwingine wa kukichukua kwa dola 1,500, alipata faida ya dola 500 kwa mtaji wa dola 100, pasipo kukiona kiwanja chenyewe. Vijana wa udalali walijaa katika barabara ya Flagler mjini Miami wakiuziana stakabadhi hizo mchana kutwa. Kiwanja kimoja kiliweza kuwa na wanunuzi wengi, mmoja nyuma ya mwingine, na katika wote asiwepo hata mmoja aliyekusudia kujenga. Kila mmoja alikuwa akimtegemea yule atakayekuja nyuma yake. Msururu wa namna hiyo ukikosa mtu mmoja tu, wote hujikuta wadeni.

Mtu huyo alianza kukosekana mwishoni mwa mwaka 1925. Mizigo ya vifaa vya ujenzi ilikuwa imejaa katika vituo, hata kampuni za reli zikakataa kupokea shehena isipokuwa chakula, makaa na vitu vya lazima. Wajenzi wakageukia meli. Lakini mwezi wa Januari 1926 meli kubwa ya tanga iitwayo Prinz Valdemar ilipinduka katika njia ya kuingilia bandari ya Miami, ikaziba mlango kwa wiki kadhaa. Nyumba zilizoahidiwa hazikumalizika. Wanunuzi wa kaskazini wakapata nafasi ya kutafakari, na aliyetafakari hakununua.

Kisha, tarehe 18 Septemba 1926, tufani kali ilipiga Miami. Wageni wengi hawakujua tabia ya tufani. Kitovu chake kilipofika, upepo ulitulia na jua likaonekana, nao wakatoka nje wakidhani salama imerudi. Mara upepo ukageuka na kuja kwa nguvu kutoka upande wa pili. Mamia ya watu walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Hesabu ya hundi zilizopita katika benki za Miami yaonyesha ukubwa wa anguko. Mwaka 1925 hundi hizo zilikuwa za dola 1,066,528,000. Mwaka 1928 zilikuwa za dola 143,364,000, wala hazikufikia sehemu moja ya saba ya zile za kwanza.

Huenda msomaji akauliza: kama jua, bahari na mchanga vilikuwa vingali pale pale, mbona biashara haikurudi mara tu magofu yalipozolewa? Jibu la kwanza ni deni. Bei ya ardhi hushuka, lakini deni lililoandikwa halishuki pamoja nayo. Mnunuzi wa mwisho aliposhindwa kulipa, kiwanja kilirudi kwa aliyemwuzia, naye akishindwa kikarudi kwa aliyemtangulia, hata mara nyingine kikamfikia mkulima aliyekiuza mwanzo. Mkulima huyo alirudishiwa ardhi yake ikiwa imekatwakatwa kwa barabara zisizo na nyumba, na juu yake kodi kubwa iliyokadiriwa siku za bei ya juu. Miji nayo ilikuwa imekopa ili kujenga barabara, madaraja na mifereji kwa ajili ya watu waliotazamiwa kuja. Watu hawakuja, na miji mingi ikashindwa kulipa. Hivyo mwenye kununua kiwanja hata kwa bei ya chini alikuwa akinunua pamoja nacho sehemu ya deni la mji.

Jibu la pili ni wingi. Viwanja vilivyokatwa katika ramani vilikuwa vingi kupita watu ambao wangeweza kuvijenga kwa miaka mingi. Jibu la tatu ni hofu, na hofu hiyo iliongezewa kuni. Septemba 1928 tufani nyingine ilivunja kingo za ziwa Okeechobee na kuua watu wasiopungua 2,500, wengi wao wakiwa vibarua weusi wa mashambani. Mwaka 1929 wadudu waliingia katika mashamba ya matunda, na mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, soko la hisa la New York likaanguka. Florida ilikuwa imekwisha kulala chini miaka mitatu kabla ya nchi nyingine kuanguka juu yake.

Kuinuka kulianza kwa hatua ndogo, nyingine zikiwa za sheria. Mwaka 1931 jimbo liliruhusu kamari katika mashindano ya farasi na mbwa ili lipate kodi na wageni. Mwaka 1934 wapiga kura walikubali kwamba nyumba ambayo mwenyewe anakaa ndani yake isamehewe kodi mpaka thamani ya dola 5,000. Sheria hiyo ilimtenga mkazi na mlanguzi: aliyekaa alipunguziwa mzigo, na aliyeshika kiwanja kitupu akingojea bei akaendelea kuubeba. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria iitwayo Murphy Act. Kwa sheria hiyo ardhi ambayo kodi yake ilikuwa haijalipwa kwa muda wa zaidi ya miaka miwili iliingia mikononi mwa jimbo, ikauzwa kwa mnada. Bei zilikuwa ndogo, na wengi walipoteza haki zao za zamani. Lakini hati zilisafishwa, na ardhi ikaweza kununuliwa tena bila kuburuta madeni ya watu waliokwisha kutoweka.

Hatua nyingine ilikuwa ya wajenzi. Katika miaka ya 1930 walijitokeza Miami Beach wasanifu kama Henry Hohauser na L. Murray Dixon. Wao hawakujenga majumba ya kifalme. Walijenga hoteli ndogo na nyumba za kupanga za ghorofa chache, zenye pembe za mviringo na vivuli vya saruji juu ya madirisha, kwa ajili ya wageni wa kipato cha kadiri waliotaka chumba safi karibu na bahari kwa muda wa wiki mbili au tatu. Mwaka 1930 Miami Beach ilikuwa na wakazi 6,494. Mwaka 1940 walikuwa 28,012. Bei za mwaka 1925 zilikuwa zimesahauliwa, na nyumba zilikuwa na watu ndani yake. Mtaa huo wa hoteli ndogo uliingizwa mwaka 1979 katika orodha ya taifa ya majengo ya kuhifadhiwa, na hata leo watalii huenda kuutazama.

Lakini tusidhani kwamba neema iliporudi ilimrudia kila mtu. Hati nyingi za viwanja vya pwani zilikuwa na sharti la kuwakataza watu weusi kununua au kukaa, na sehemu nyingine ziliwakataza Wayahudi pia. Watu weusi ndio waliokata mikoko, wakapika na kufua katika hoteli za Miami Beach, lakini hawakuruhusiwa kuoga katika bahari ile ile. Mwaka 1935 Abraham Lincoln Lewis na kampuni ya bima ya Afro-American Life ya Jacksonville walinunua ardhi katika kisiwa cha Amelia, kaskazini mwa jimbo, wakaanzisha American Beach. Hapo Wamarekani weusi walijenga nyumba zao za mapumziko, wakati wa shida na chini ya sheria za ubaguzi. Ikiwa tutapima kufufuka kwa pwani ile kwa bei peke yake, American Beach itaonekana kuwa jambo dogo. Tukiuliza ni nani aliyepata mahali pa kupumzika ambapo zamani hakupata, hatutalipita bila kulitazama.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, hoteli za Miami Beach zilichukuliwa na jeshi kuwa mabweni ya askari waliofundishwa huko. Baada ya vita wengi wao walirudi na jamaa zao, na pwani ikajaa kupita siku zote za nyuma. Waanzilishi hawakuyaona hayo. Fisher, aliyewahi kuhesabiwa katika matajiri wakubwa, alikufa mwaka 1939 mali yake karibu yote ikiwa imekwisha. Merrick alikufa mwaka 1942, akiwa mkuu wa posta wa Miami.

Mtu angetazamia kwamba mafunzo ya gharama kubwa namna hiyo yangekumbukwa daima. Haikuwa hivyo. Baada ya mwaka 2006 bei za nyumba za Florida zilianguka tena, zikashuka kwa miaka kadhaa, na kwa sababu zinazofanana: mikopo rahisi, wanunuzi wasiokusudia kukaa, na kila mmoja kumtegemea atakayekuja nyuma yake. Mwenye kutaka kujua hali ya kweli ya soko la pwani yoyote, basi, asikome katika kuuliza bei. Na aulize ni madirisha mangapi yenye taa usiku, ni nani anayeshika deni, na ni nani aliyezuiwa mlangoni. Florida ilianza kupona pale maswali hayo yalipopata majibu, na swali la tatu ndilo lililochelewa kujibiwa kuliko yote.