Maharagi na bakteria: mizizi inaita, udongo unajibu

Ukingʼoa maharagi kule Kabare ao Walungu wakati inaanza kutoa maua, utaona vifundo vidogo kwenye mizizi. Wengine wanasema ni ugonjwa. Hapana, ila kama mzizi wenyewe umevimba na kifundo hakibanduki, hapo ni minyoo ya udongo. Pasua kimoja kwa kucha: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa kijani, kimekwisha.

Kazi yenyewe ni azoti. Hewa ina azoti asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia vile iko. Bakteria ya rizobia ndiyo inaigeuza. Tena haiingii hivi hivi. Mzizi wenye njaa ya azoti unatoa kwanza kemikali, flavonoidi. Moja ya soja inaitwa jenisteini. Rizobia ikizihisi, inajibu kwa kemikali yake, mnyororo wa sukari wenye mkia wa mafuta, ambao muundo wake ulitambuliwa kule Toulouse, Ufaransa, mwaka 1990. Kinywele cha mzizi kinajikunja, kinafunika bakteria, na mlango unafunguka.

Luga si moja: rizobia ya soja kwa kawaida si ile ya maharagi. Shamba lisilopandwa soja hata siku moja linaweza kuikosa, njo maana mbegu inapakwa unga wa rizobia mbele ya kupanda. Ule unga usiuache juani, utaua bakteria. Udongo wenye asidi, kama sehemu nyingi za Walungu, unavuruga mazungumzo haya. Na ukimwaga urea nyingi, mzizi unashiba, unanyamaza.