Mpaka wa Sirari na Hoja ya Urusi

Ukivuka kutoka Sirari, wilayani Tarime, kwenda Isebania, umeingia Kenya lakini bado uko kwa Wakuria. Wairege na Wanyabasi wapo pande zote mbili, na lugha ni ileile. Mstari uliowagawa ulitokana na makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1886, na hakuna Mkuria aliyeulizwa. Leo, Urusi na nchi za Magharibi zinapogombea kuaminiwa na Waafrika, mpaka huu unatupa kipimo chetu wenyewe cha kupimia propaganda za pande zote.

Julai 2021 Vladimir Putin alichapisha makala ndefu akidai kuwa Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Februari 2022 akapeleka majeshi Ukraine. Kama udugu wa damu unahalalisha kuvuka mpaka kwa vifaru, basi Sirari nayo ingekuwa uwanja wa vita. Afrika ililitambua hilo mapema: Cairo, Julai 1964, kwa hoja ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani humuhumu Mara, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliazimia kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Balozi wa Kenya, Martin Kimani, alitetea msimamo huohuo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Februari 21, 2022.

Wapo watakaosema Magharibi haina haki ya kumhubiria mtu, na ushahidi wanao. Iraq ilivamiwa mwaka 2003. Filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960, ilieneza wazo la hifadhi isiyokaliwa na watu, ilhali Waikoma na Wanata waliwinda humo vizazi na vizazi. Mei 2011 polisi waliua watu kwa risasi katika mgodi wa North Mara, Nyamongo, uliomilikiwa na kampuni iliyokuwa kwenye soko la hisa la London. Yote hayo ni kweli, na Urusi hunufaika tunapoyataja. Lakini dhambi ya mmoja haimtakasi mwingine. Uliberali, pamoja na unafiki wa wanaouhubiri, uliwapa wanavijiji wa Nyamongo mlango wa mahakama ya London mwaka 2013, na shauri likaisha kwa maridhiano mwaka 2015. Hiyo haikuwa haki kamili. Hata hivyo, Urusi ilitunga Machi 2022 sheria ya kumfunga hadi miaka 15 raia anayesema kuhusu jeshi lake jambo ambalo serikali inaliita uongo.

Wengine watauliza: Je, Mwalimu mwenyewe hakuitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, mwaka 1968, na kupeleka jeshi Uganda mwaka 1979? Biafra aliitambua kwa sababu ya mauaji ya Waigbo, na si kwa kudai kuwa ni ndugu zake. Uganda ilianza yenyewe kwa kuvamia Kagera mwaka 1978, na Tanzania haikumega hata shamba moja la nchi hiyo.

Kutofungamana kwa Tanzania na upande wowote kulikuwa na meno. Mwaka 1965 Tanzania ilikataa misaada ya Ujerumani Magharibi ilipogeuzwa fimbo ya kuiadhibu kwa uhusiano wake na Ujerumani Mashariki. Agosti 1968 ililaani uvamizi wa Czechoslovakia ulioongozwa na Umoja wa Kisovieti, ingawa silaha za Moscow zilikuwa zikiwafikia wapigania uhuru waliokuwa Dar es Salaam. Machi 2, 2022, nchi 141 zilipolaani uvamizi wa Ukraine katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Tanzania haikupiga kura upande wowote. Tahadhari ya kidiplomasia inaeleweka, lakini nchi iliyopeleka hoja ya Cairo ilikuwa na sababu kubwa kuliko nchi nyingi ya kusema wazi, na bado inayo.