Kwa nini pikapu hukataa kuwaka leo, ikakubali kesho

MFANYABIASHARA wa mtaa wa Donholm, Nairobi, anayetegemea pikapu kubeba mboga au mbao huogopa gari linalosumbua mara mojamoja kuliko lile lililoharibika kabisa. Likikwama kabisa huvutwa hadi gereji na kasoro ikapatikana. Lakini likikataa kuwaka saa kumi alfajiri, kisha likawaka mara moja fundi anapowasili saa tatu, mwenyewe huonekana mzushi na fundi hubaki kukisia.

Kukisia huko ndiko humla mtu pesa. Betri mpya hununuliwa wiki hii, stata wiki ijayo, alteneta mwisho wa mwezi, na tatizo likaendelea. Kumbe pengine ilitakiwa kukazwa nati moja tu. Kasoro ya aina hii haitafutwi kwa kubadilisha vipuri, bali kwa kuinasa inapojitokeza.

Sikiliza kwanza

Swali la kwanza ni hili: ufunguo unapozungushwa, injini inazunguka au haizunguki? Injini isiyozunguka ina tatizo upande wa betri, nyaya, swichi au stata. Inayozunguka vyema bila kuwaka ina tatizo la mafuta au la mfumo wa kuyawasha. Anayeshindwa kutofautisha mambo haya mawili humpeleka fundi mahali pasipofaa.

Iwapo haizunguki, taa ya ndani ya gari iwashwe, kisha ufunguo uzungushwe. Taa ikizima au ikififia sana, betri ni dhaifu au nyaya zake zimelegea. Ikisalia na mwanga wake huku kukisikika mlio mmoja wa 'ta', stata yenyewe yafaa kushukiwa. Ikiwa mwanga haupungui wala hakuna mlio wowote, umeme wa kuiamuru stata haufiki: huenda ni swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei, au swichi ya klachi kwa magari yaliyo nayo. Katika gari la gia za kujiendesha, swichi ya gia ikichakaa huzuia stata. Gari likiwaka gia inaposogezwa kutoka P hadi N, hiyo ni dalili kubwa.

Mita ya volti haidanganyi

Betri nzima ya volti 12 iliyolala usiku kucha husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2, imesalia na kama nusu ya nguvu zake. Stata inapozunguka, kipimo kisishuke chini ya takriban volti 9.6. Injini ikishawaka, alteneta nyingi huchaji kati ya volti 13.8 na 14.5.

Betri ikiwa sawa, nyaya zipimwe. Ncha moja ya mita iwekwe kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu azungushe ufunguo. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya wa ethi umeoza au umelegea. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri husafishwa kwa maji ya moto na brashi ya waya, nyaya zikiwa zimefunguliwa.

Stata za Denso, zilizo katika pikapu nyingi za Toyota, zina vipande vya shaba ndani ya solenoidi ambavyo huliwa kadiri miaka inavyopita. Dalili yake ni mlio wa 'ta' bila kuzunguka, kisha jaribio la tano au la kumi likafaulu. Kuigonga stata kwa spana huweza kuiamsha, lakini hiyo si tiba. Vipande hivyo huuzwa peke yake, na fundi wa umeme wa gari huvibadilisha bila mteja kununua stata nzima.

Inazunguka lakini haiwaki

Kwa pikapu ya dizeli, baridi ya Julai hufichua plagi za kupasha joto zilizokufa. Ikiwa gari hukataa baada ya kulala tu na hukubali pampu ya mkono inapobonyezwa, hewa inaingia kwenye mpira au chujio la dizeli. Kwa magari mengi ya petroli yenye pampu ya umeme, mlio mdogo husikika nyuma kwa sekunde chache ufunguo unapowashwa. Ukikosekana, pampu au rilei yake ikaguliwe. Injini inayowaka asubuhi lakini ikagoma ikiwa moto baada ya msongamano wa Jogoo Road, kisha ikakubali ikipoa, huenda ina sensa mbovu ya kreki.

Jambo lingine husahaulika: kengele za wizi na vifaa vya kufuatilia gari, hasa vinavyofungwa magari yanaponunuliwa kwa mkopo. Baadhi hukata waya wa stata au wa pampu, na kiungo kilichofungwa vibaya huweza kuachia wakati wowote.

Weka kumbukumbu, jihadhari

Kila mara gari linapogoma, mwenyewe aandike saa, iwapo injini ilikuwa baridi au moto, iwapo mvua ilinyesha, sauti iliyosikika na kilicholiwasha hatimaye. Video ya simu ikionyesha taa za dashibodi husaidia pia. Baada ya matukio manne au matano, utaratibu huanza kuonekana.

Stata isizungushwe zaidi ya sekunde kumi kwa mfululizo, na ipumzishwe dakika moja. Moto usikaribie betri, kwani hutoa gesi inayolipuka. Kusukuma gari la gia za kujiendesha ni kazi bure, na kusukuma jingine kuelekea Outering Road ni hatari: injini ikiwa imezima, breki na usukani huwa vizito.

Anayefika Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, akiwa na vipimo na kumbukumbu hizo, hununua kinachohitajika. Anayefika bila hizo hununua atakachouziwa.