Mateso ya Mwili na Mateso ya Nafsi katika Uchangiaji wa Viungo Baada ya Kifo cha Huruma: Tathmini ya Kihistoria kutoka Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Tarehe 21 Juni 1994 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilitoa hukumu katika shauri la daktari wa magonjwa ya akili, Boudewijn Chabot. Mwaka 1991 Chabot alikuwa amempa dawa za kujiua mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa mzima. Mwanamke huyo alikuwa amefiwa na wanawe wawili, ndoa yake imevunjika, naye hakuona tena sababu ya kuishi. Majaji waliulizwa iwapo mateso yasiyo na chanzo mwilini yanaweza kuwa utetezi kwa daktari aliyemsaidia mtu kufa. Walijibu kwamba uzito wa mateso haupimwi kwa chanzo chake. Hata hivyo, walimtia Chabot hatiani, bila kumpa adhabu, kwa sababu hapakuwa na daktari mwingine aliyemchunguza mgonjwa huyo ana kwa ana.

Ni rahisi kuisoma hukumu hii kama tangazo la usawa baina ya mateso ya mwili na mateso ya nafsi. Insha hii inadai kwamba mpaka uliofutwa katika kanuni ulirejeshwa katika utaratibu. Anayeteseka nafsi alikubaliwa, lakini akatakiwa kuaminiwa kwa ushahidi mzito zaidi. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 28 Mei 2002 ilifuata mkondo unaokaribiana na huo: mtu asiyetarajiwa kufa karibuni sharti aonwe na daktari wa ziada, na mwezi mmoja upite baada ya ombi lake la maandishi. Sheria haikuwataja wagonjwa wa akili peke yao, ila karibu wote huangukia katika kundi hilo.

Uchangiaji wa viungo uliukaza mkanganyiko huu. Wengi wanaoomba kifo cha huruma huwa na saratani, na saratani kwa kawaida humzuia mtu kutoa viungo. Wanaobaki ni wenye maradhi ya neva, pamoja na wale ambao mwili wao hauna kasoro na wanaoteseka kwa maradhi ya akili. Mwaka 2008 madaktari wa Ubelgiji waliandika habari za mwanamke aliyepooza kwa kiharusi, akaomba kufa na kutoa viungo vyake. Mwaka 2011 iliripotiwa Ubelgiji kwamba mapafu yalikuwa yamepatikana kwa wachangiaji wanne wa namna hiyo, na mmoja wao alikuwa na maradhi ya neva na akili. Idadi ni ndogo, lakini inatosha kuonesha penye tatizo: viungo bora zaidi vinapatikana kwa mtu ambaye ombi lake la kufa ndilo linalotiliwa shaka zaidi. Kumkatalia kutoa ni kusema nia yake haiaminiki, ilhali nia hiyo hiyo imeaminiwa katika jambo zito zaidi, yaani kufa. Kumkubalia nako kunaweza kumpa mtu anayejiona hana thamani sababu mpya ya kufa, kwamba walau figo zake zitafaa. Kwa maoni ya mwandishi, hatari hii ya pili ndiyo nzito zaidi.

Kwa nini suala hili litazamwe kutoka Buseresere, katika nchi ambayo kifo cha huruma hakiruhusiwi? Sababu haiko katika sheria, bali katika kazi za watu. Buseresere ya wilaya ya Chato imeungana na Katoro ya wilaya ya Geita, kiasi kwamba mgeni apitaye barabarani hajui ni wapi wilaya moja imekoma. Miji hii imo katika eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mawe yatokayo katika maduara husagwa kwenye makarasha, unga wake huchanganywa na zebaki, kisha mchanganyiko huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mchomaji huivuta. Katika Rwamagasa, mkoani Geita, watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki walipima afya za wachimbaji mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakakuta dalili za sumu hiyo, hasa kwa wachomaji.

Mvuke wa zebaki humtetemesha mtu mikono, humnyima usingizi, humtia woga wa kukutana na watu na hasira za ghafla. Watengeneza kofia wa Uingereza wa karne ya 19 walijulikana kwa hali hiyo, nao walionekana kuwa wenda wazimu tu. Zebaki hiyo hiyo hujilimbikiza katika figo. Basi mchomaji dhahabu anayechukia uhai wake anateseka mwili au akili? Swali la kutenganisha halina jibu kwake, na kiungo ambacho mpokeaji angekihitaji ndicho kilichohifadhi sumu.

Utengano huo uliletwa katika nchi hii kwa majengo kabla ya kufikiriwa kwa hoja. Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua makazi ya wagonjwa wa akili mwaka 1904, na Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Mgonjwa wa kichwa alipelekwa mbali, wa tumbo akabaki katika zahanati ya jirani. Sheria ya jinai, kinyume chake, haikuuliza chanzo. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia ugonjwa wowote unaoathiri akili. Mwaka 1957 Jaji Devlin wa Uingereza alikuwa ameamua, katika shauri la mtu aliyekuwa na maradhi ya mishipa ya damu, kwamba haijalishi kama ugonjwa umeanzia mwilini. Lakini kifungu cha 217 cha Kanuni hiyo bado kinamhesabu anayejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nchini Kenya, Jaji Lawrence Mugambi alikitangaza kifungu kinacholingana nacho kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025.

Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Watoaji ni ndugu walio hai, kwa hiyo swali la nia halijangoja kifo cha huruma kuruhusiwa. Kaka anayetoka Rwamagasa kumpa mdogo wake figo hupimwa mkojo na damu, kisha huulizwa kama ameamua kwa hiari. Zebaki inaweza kujitokeza katika mkojo wake na pia katika majibu yake. Anayesoma vipimo vya maabara na anayemhoji wanapaswa kuketi meza moja kabla ya kutia saini, na wa kwanza amuulize mtoaji amefanya kazi gani.