Jayate (kitenzi cha Kisanskriti)

Jayate ni umbo la kitenzi lenye maana ya "hushinda". Limo katika Mundaka Upanishad, na ndiyo sababu linajulikana hata na wasiosoma Kisanskriti: ni neno la mwisho la kaulimbiu ya taifa la India, iliyopitishwa pamoja na nembo ya dola tarehe 26 Januari 1950, ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ukweli pekee ndio unaoshinda.

Uundaji. Mzizi ni ji, "shinda", wa kundi la kwanza kati ya makundi 10 ya vitenzi. Irabu i huimarishwa kuwa e, nayo e hugeuka ay mbele ya -a-. Ndipo hupatikana shina jaya-. Kiambishi tamati -te hubeba peke yake nafsi ya tatu, umoja, wakati uliopo na kauli. Mzigo huo Kiswahili huugawa, na sehemu kubwa yake hukaa mwanzoni: a-na-shinda.

Kauli. Hapa ndipo penye utata. Tamati -te ni ya atmanepada, yaani "neno kwa ajili ya nafsi", ambapo faida ya tendo humrudia mtendaji. Lakini umbo la kawaida la mzizi huu ni jayati, la parasmaipada, "neno kwa ajili ya mwingine". Panini (Ashtadhyayi 1.3.19) huagiza atmanepada pale ji inapotanguliwa na vi- au para-: vijayate, parajayate. Jayate tupu halimo katika kanuni hiyo, na baadhi ya matoleo ya Upanishad huandika jayati. Tofauti ya maana kati ya maumbo hayo mawili ni ndogo mno. Haifai kujengewa falsafa.

Kiima ni kipi? Satyam, "ukweli", ni nomino ya jinsia ya kati, na nomino za jinsia hiyo huwa na umbo moja zikiwa kiima au yambwa. Kisarufi, basi, sentensi yaweza pia kusomwa kuwa mtu hujipatia ukweli tu, si uongo. Shankara aliichukua satyam kuwa kiima, ila akaifafanua kuwa ni msema kweli, kwa hoja kwamba ukweli usio na mtu wa kuushika hauwezi kushinda wala kushindwa. Kaulimbiu ya dola haikufuata ufafanuzi huo.

Tahadhari. Jayate si kauli ya kutendwa. "Hushindwa" ni jīyate. Wala si jāyate, "huzaliwa", litokalo katika mzizi jan. Maandishi ya Kilatini yasiyo na alama ya irabu ndefu hulifanya hili la pili lisitofautike kabisa na jayate.

Tafsiri. "Hushinda" hufaa kuliko "anashinda" au "unashinda". Hu- haina nafsi wala ngeli, hivyo humwachia msomaji nafasi ileile iliyoachwa na -te: aliyeshinda aweza kuwa mtu, au ukweli wenyewe.