Mamluki au Mwanafunzi? Historia Fupi ya Kanuni za Usajili katika Michezo ya Vyuo

Mashabiki wa michezo ya vyuo hapa Mbarara wana swali ambalo halikosi kuulizwa timu ngeni inapoingia uwanjani: "Hawa ni wanafunzi kweli, au ni mamluki?" Mamluki ni mchezaji aliyeletwa ili ashinde mechi, na darasani hajulikani. Swali hili ni la haki. Lakini tukilifuatilia katika historia, tunaona kwamba mara nyingi limebeba swali la pili ndani yake: je, huyu ni wa kwetu? Insha hii inaonyesha jinsi maswali hayo mawili yalivyochanganywa huko Marekani, ambako michezo ya vyuo imekua kuliko kwingine kote, na kwa nini historia hiyo inawahusu vijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro.

Tuanze na Howard, chuo kikuu cha Waamerika weusi kilichoko Washington. Mwaka 1971 timu yake ya soka iliifunga Saint Louis mabao 3 kwa 2 katika fainali ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA. Kocha wao, Lincoln Phillips, alitoka Trinidad, na wachezaji wake wengi walitoka Karibi na Afrika. Baadaye NCAA ilichunguza usajili wao, ikawanyang'anya ubingwa. Mojawapo ya kanuni zilizotumika ilisema kwamba mgeni aliyecheza katika mashindano rasmi nchini kwake baada ya kutimiza miaka 19 atakatwa mwaka mmoja wa kucheza chuoni kwa kila mwaka aliocheza kwao. Mmarekani aliyecheza katika timu ya mtaani kwake kwa miaka hiyohiyo hakukatwa kitu.

Howard walikwenda mahakamani. Mahakama haikukubali hoja zao zote, lakini juu ya kanuni ya wageni iliwapa haki: kanuni hiyo iliwabagua watu kwa sababu ya walikotoka, na hivyo ilivunja katiba. Mahakama ya rufaa ililithibitisha hilo mwaka 1975. Wakati huo Howard walikuwa wamekwisha kujibu uwanjani pia, kwa kutwaa ubingwa wa 1974 bila kupoteza mechi hata moja. Kombe la 1971 halikurudishwa.

Hukumu hiyo ilikuja wakati makocha wa riadha wa Marekani walikuwa wameanza kuelekeza macho Afrika Mashariki. Michezo ya Olimpiki ya Mexico ya 1968 iliwatangaza Wakenya, na ile ya Munich ya 1972 ilimtangaza Mganda John Akii-Bua, aliyeshinda mbio za mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Kocha John Chaplin wa Washington State akasajili Wakenya. Kocha Ted Banks wa chuo cha Texas kilichoko El Paso akamchukua Mtanzania Suleiman Nyambui, ambaye mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow. Aliyewashangaza watu zaidi ni Henry Rono, Mnandi kutoka Bonde la Ufa. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000.

Rono alikuwa na miaka 26 mwaka huo. Kwa mashabiki na makocha wengi wa Marekani, hapo ndipo lawama ilipolala: watu wazima kutoka ng'ambo wanakimbizana na vijana wa miaka 18 na kuchukua nafasi za ufadhili ambazo zingewasomesha watoto wa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 NCAA ilikuwa na kanuni mpya. Safari hii haikumtaja mgeni. Ilisema mtu yeyote aliyeshiriki mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20, kabla ya kujiunga na chuo, atakatwa miaka yake. Kwa maneno ilikuwa sawa kwa wote. Kwa vitendo ilimbana zaidi yule ambaye njia yake ya kufika chuoni ilikuwa ndefu.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Lawama ile ilikuwa na ukweli ndani yake. Kijana wa miaka 18 ana haki ya kushindana na wenzake, na shule ikiachiwa bila kanuni itajaza kikosi watu wazima. Hata katika mashindano ya shule zetu za Afrika Mashariki, vyeti vya umri vya kughushi ni ugonjwa wa siku nyingi. Lakini tuangalie pia nani alinufaika. Mwanariadha alipewa ada, chakula na kitanda. Kocha aliyemleta alipewa mshahara, na ushindi ulipoongezeka mshahara nao ukaongezeka. Leo Kirby Smart, kocha wa futiboli ya Marekani katika Chuo Kikuu cha Georgia, hulipwa takribani dola milioni 13 kwa mwaka. Kwa miaka mingi neno "mwanafunzi" ndilo lililotumika kumnyima mchezaji malipo, na neno hilohilo halikumzuia kocha kutajirika.

Hali hiyo imeanza kubadilika. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wa Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takribani dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Pamoja na malipo kukaja ukomo wa vikosi kwa vyuo vinavyofuata utaratibu huo: wachezaji 105 kwa futiboli ya Marekani, na 17 kwa mbio za nyika, mchezo uliowapa ufadhili vijana wengi wa kwetu. Tena mwenye viza ya masomo hubanwa sana na sheria za uhamiaji katika kufanya kazi ya kulipwa. Kwa hiyo mgeni anaweza kusimama katika kikosi kimoja na mwenzake, mwenzake akapokea fedha, yeye akaogopa kuzigusa.

Sasa turudi Nakivale. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Chukua mtoto wa Kivu aliyekimbia vita akiwa na miaka 12. Anapoteza miaka miwili njiani na katika kupanga maisha upya. Akifika, kwa kuwa alisoma kwa Kifaransa, anarudishwa darasa la nne ili ajifunze Kiingereza. Hapo ana miaka 14. Bila kurudia darasa hata moja na bila kukosa ada, atamaliza darasa la saba akiwa na miaka 17, kidato cha nne akiwa na 21 na cha sita akiwa na 23. Mashindano ya shule za sekondari yana kikomo cha umri, na yeye atakuwa amekipita kabla hajamaliza. Hajaghushi cheti. Hajalipwa na mtu. Kosa lake ni kwamba vita vilikula miaka yake.

Wapo wakimbizi waliopenya. Lopez Lomong wa Sudan Kusini aliishi kambi ya Kakuma nchini Kenya kwa miaka kumi, akahamishiwa Marekani mwaka 2001, akashinda mita 1,500 ya vyuo mwaka 2007 na kubeba bendera ya Marekani huko Beijing mwaka 2008. Khaman Maluach, ambaye familia yake ilikimbia kutoka Sudan Kusini, alikulia Kawempe, Kampala. Alipitia akademia ya NBA nchini Senegal, akacheza mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi katika usajili wa NBA. Tunajivunia majina haya. Lakini wote wawili walifunguliwa mlango wakiwa bado wadogo. Mlango huo haupiti Nakivale, ambako makocha wengi hujitolea na hakuna mtafuta vipaji anayekuja na daftari.

Historia hii inatufundisha kutenganisha vitu viwili. Kanuni inaweza kuhesabu miaka ambayo mtu ameishi, au misimu ambayo amecheza. Anayehesabu misimu humkamata mamluki, kwa sababu mamluki amekwisha kucheza sana kwingine. Anayehesabu miaka tangu kuzaliwa humkamata mamluki pamoja na mkimbizi, na hana njia ya kuwatofautisha. Kwa watoto wadogo kikomo cha umri kibaki, maana kinalinda miili yao. Lakini kwa vidato vya juu na vyuo, ambako tayari ni watu wazima wanaoshindana, hakuna sababu ya kutohesabu misimu. Vyama vya michezo vya shule na vyuo hapa Uganda vinaweza kuandika hivyo katika kanuni zao bila kutumia hata shilingi moja, na kumpa mwanafunzi aliyekimbia vita nafasi ya kueleza miaka yake ilikokwenda.

Howard walishinda kesi kwa hoja iliyo rahisi kuelewa: kama kucheza ni kucheza, kuhesabiwe kwa namna moja popote kulikofanyika. Sisi tunaongeza kwamba miaka ambayo mtu hakucheza, wala hakusoma, kwa sababu alikuwa njiani akikimbia, isihesabiwe kana kwamba alikuwa uwanjani.