Kutoka Black Mamba hadi baiskeli ya alumini: somo la viwango kutoka Kisumu

Hapa huwa tunaongea programu, lakini leo tuongee baiskeli, maana swali ni lile lile: ukinunua mashine ya mtumba, nani ataitengeneza kesho? Ili kujibu inabidi turudi nyuma kidogo.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, leo Kisumu. Wakati huo baiskeli ilikuwa tayari imepata umbo tunalolijua. John Kemp Starley alitoa Rover mwaka 1885, yenye cheni inayozungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo. Umbo hilo ndilo lililotufikia: fremu ya chuma, breki za vyuma virefu badala ya waya, na keria nzito. Zilianza za Uingereza kama Raleigh, baadaye zikaja za India na China. Wajaluo wanaiita ndiga. Wakenya wengi wanaijua kama Black Mamba.

Miaka ya 1960 baiskeli hii ilipata kazi mpya kule Busia, kuvusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, na hapo ndipo jina boda boda lilipozaliwa. Kazi ikaenea mpaka Kisumu, abiria akikalia mto uliofungwa kwenye keria. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na pikipiki zikachukua sehemu kubwa ya abiria hao.

Kwa nini Black Mamba ilidumu hivyo? Haikuwa nyepesi wala haina gia. Siri yake ni kiwango kimoja. Viwanda vingi tofauti vilifuata vipimo vile vile, kwa hiyo tairi, pedeli au ekseli ya kiwanda kimoja inaingia kwenye baiskeli ya kingine. Fundi wa chini ya mti anahitaji spana chache na nyundo, na fremu ikikatika inachomelewa siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye alumini. Uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma kwa ujazo ule ule. Miaka ya 1970 Gary Klein alianza kutengeneza fremu za mabomba manene ya alumini pale MIT, Marekani, na mwaka 1983 Cannondale wakaingiza yao sokoni. Kwenye gia, Shimano walileta gia zinazojipanga kwa mibofyo mwaka 1984, kisha mwaka 1990 wakaunganisha gia na breki kwenye mkono mmoja. Baiskeli za aina hiyo, zikishachokwa Ulaya, ndizo tunazokutana nazo kwenye mitumba. Ukipanda kutoka Kisumu kwenda Maseno utajua mara moja faida ya gia na wepesi.

Lakini hapa unaacha kiwango kile kimoja, kwa hiyo angalia haya kabla ya kutoa pesa:

1. Tairi. Black Mamba na baiskeli ya mbio zote huitwa "28" dukani. Tairi la kwanza linakaa kwenye rimu ya milimita 635, la pili 622. Jina moja, thamani mbili! Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.

2. Fremu. Kagua nyufa kwenye viungo. Alumini huchoka taratibu hata kwa mizigo midogo inayorudiwa, na kuichomelea kwahitaji mtambo maalumu, na mara nyingi kuipasha joto upya kiwandani. Fremu yenye ufa iache.

3. Bomba la kiti. Hakikisha linapanda na kushuka. Alumini na chuma vikikutana na unyevu hulana mpaka vikashikana kabisa. Paka grisi.

4. Gia. Baiskeli za mbio za Shimano za gia 8, 9 na 10 kwa kawaida hutumia haba ile ile ya nyuma, kwa hiyo unaweza kupanda daraja kwa kubadili mikono ya gia, kaseti na cheni. Zile za zamani zaidi zina nafasi ya milimita 126 kwa nyuma badala ya 130. Fremu ya chuma inaweza kupanuliwa, ya alumini usijaribu.

Cha kufurahisha, njia ya tatu iko Kisumu kwenyewe. F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya gia ya SRAM, alianzisha World Bicycle Relief mwaka 2005, na shirika hilo likaweka Kisumu karakana ya kuunganisha baiskeli za Buffalo. Mtu anayejua gia za kisasa kuliko wengi alichagua chuma, na uwezo wa kubeba kilo 100. Mwaka 2023 ikaja Buffalo yenye gia 2: cheni mbili, na unabadilisha kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Haina waya wa gia hata mmoja.

Kwa hiyo kama baiskeli ndiyo inayoleta unga nyumbani, chukua ile ambayo fundi wa mtaani kwako ana spea zake. Kama ni ya mazoezi na kwenda kazini, alumini ya mtumba ni mali nzuri, ila weka akiba ya cheni, waya na tyubu za saizi yake tangu siku ya kwanza.